Usimlaumu fundi kabla hujapima joto

Mmezoea kunisoma hapa nikizungumza kuhusu programu, hifadhidata na simu. Leo nataka tutoke kwenye skrini kidogo, tuingie karakana. Najua wapo watakaouliza, mtu wa programu anatafuta nini kwenye grisi na vumbi la chuma? Subirini, mtaona.

Mada ya leo ni joto, na jinsi linavyozifanya mashine za kukata chuma zidanganye. Maoni yangu nayatoa mapema, ili asiye na muda wa kufika mwisho aondoke nayo. Hapa kwetu Eldoret kuna vipande vinavyotupwa, na mafundi wanaolipishwa, kwa kosa ambalo si la fundi. Ni kosa la joto. Kosa hilo linaweza kukadiriwa kwa hesabu ya sekondari na kusahihishwa kwa programu ndogo ambayo kijana yeyote anayejua kuandika msimbo anaweza kuiandika. Hatujafanya hivyo kwa sababu watu wa programu hawaingii karakana, na watu wa karakana hakuna aliyewaambia kwamba shida yao ni ya programu.

Haya basi, tuanze mwanzo.

CHUMA HAKITULII

Kila aliyesoma fizikia ya shule anajua kwamba chuma hutanuka kikipata joto. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliliacha jambo hilo kwenye karatasi ya mtihani. Hebu tulitie namba. Feleji yenye urefu wa meta moja hutanuka takriban maikroni 11 hadi 12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya hapo, maikroni 23.

Ndiyo maana dunia nzima imekubaliana juu ya joto moja la kupimia. Tangu 1931 kamati ya kimataifa ya vipimo na mizani iliweka nyuzi 20, na leo hicho ndicho kiwango cha kwanza kabisa katika orodha ya ISO, yaani ISO 1. Mchoro ukisema kipande kiwe na milimita 50, maana yake ni milimita 50 kikiwa kwenye nyuzi 20. Si nyuzi 12 za asubuhi ya Julai, wala si nyuzi 35 za kipande kilichotoka kwenye kisu sasa hivi.

Sasa tazama Eldoret yetu, iliyotawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Tuko juu, takriban meta 2,100 kutoka usawa wa bahari. Saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukuta nyuzi 10 au 11, na saa nane mchana ukakuta 24. Karakana nyingi zina paa la mabati na mlango mpana unaokaa wazi. Jua likipanda, mabati yanachemka. Mvua ya alasiri ikipiga, joto linashuka ghafla. Tofauti ya nyuzi 13 kwenye meta moja ya feleji ni karibu maikroni 150. Hiyo ni unene wa nywele mbili, na mashine hata haijawashwa!

Ikishawashwa, mambo huongezeka. Beringi za spindo, yaani ule mhimili unaozunguka, husuguana na kutoa joto. Mota hutoa joto. Skrubu ya gololi inayosukuma meza huku na huku hupata moto kutokana na nati inayoteleza juu yake, ikarefuka. Vipande vya chuma vinavyoruka kutoka kwenye kisu huangukia kitanda cha mashine vikiwa na moto. Na kipande chenyewe kinachokatwa nacho hutanuka. Kila sehemu hupata joto kwa kasi yake, kwa hiyo mashine haitanuki sawasawa kama puto. Hujipinda. Sehemu ya juu ikiwa na joto na ya chini imekaa kwenye sakafu baridi ya simiti, mwili wa mashine huinama kidogo kama ubao uliowekwa juani.

Si jambo dogo wala si jambo jipya. James Bryan, mhandisi Mmarekani wa maabara ya Lawrence Livermore, alichapisha tathmini yake ya 1990 ambayo wataalamu bado wanainukuu hadi leo. Alisema joto linaweza kuchangia asilimia 40 hadi 70 ya makosa ya vipimo katika kazi ya mashine hizi.

NANI ANALIPA?

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezichagua mwenyewe kwa ajili ya kueleza, lakini ni za ukubwa unaoweza kukuta kwenye mashine halisi.

Fundi anakereza shafti za milimita 50 za mashine ya kupukuchua mahindi. Pale beringi inapokaa, tuseme mchoro unaruhusu tofauti ya maikroni 16 tu. Hicho ni kiwango cha kawaida cha kazi ya beringi kwa kipenyo hicho. Ikizidi, beringi haiingii. Ikipungua, beringi inacheza na itakufa mapema.

Saa mbili asubuhi fundi anapanga kisu, anakata shafti ya kwanza, anaipima. Safi kabisa. Anaendelea na kazi. Spindo inapata joto na kusogea taratibu mbali na kisu. Tuseme mwisho wa safari yake ni maikroni 24, na inachukua saa nzima kufika asilimia 63 ya hapo. Baada ya saa moja imesogea maikroni 15. Baada ya saa tatu, maikroni 23. Na kwenye mashine ya kukereza kuna adhabu ya ziada: kisu kikikosea kwenye nusukipenyo, kosa huonekana mara mbili kwenye kipenyo. Kwa hiyo saa tano asubuhi shafti zimezidi maikroni 46, ilhali ruhusa ilikuwa 16.

Fundi mzuri ataliona mapema. Atapima, ataandika masahihisho kwenye mashine, ataendelea. Shafti iliyozidi hukatwa tena ikawa sawa. Hadi hapo hasara ni muda tu.

Kisha stima inapotea.

Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Umeme unakatika dakika arobaini. Tukichukulia kwamba mashine hupoa kwa kasi ileile iliyopatia joto, spindo inarudi nyuma maikroni 11. Umeme unarudi, fundi ana presha ya kumaliza oda, anabonyeza kitufe na masahihisho yake ya asubuhi bado yamo ndani. Shafti inayofuata inatoka ikiwa imepungua takriban maikroni 22. Hii huwezi kuikata tena. Chuma kilichokwisha kuondoka hakirudi. Ni ya kutupa, au mbaya zaidi, inauzwa hivyohivyo kwa mkulima wa Moi's Bridge ambaye beringi yake itaanza kupiga kelele katikati ya msimu wa mavuno.

Sasa nani anaulizwa? Si joto. Si kampuni ya umeme. Anaulizwa fundi. Kuna karakana moja hapa mjini, sitaitaja, ambako nimeona kwa macho yangu bei ya chuma kilichoharibika ikikatwa kwenye malipo ya wiki ya kijana aliyesimama mbele ya mashine. Kijana anaapa kwamba hakugusa kitu. Na ni kweli, hakugusa. Kosa lake ni kwamba hakugusa!

DAWA ZINAZOJULIKANA

Kuna njia nne za kupambana na jambo hili, na ni vyema tuziangalie kwa haki.

Ya kwanza ni kuweka chumba kizima kwenye nyuzi 20. Ndivyo zinavyofanya maabara za vipimo, na hapo ndipo mahali pake. Lakini kupoza na kupasha karakana yenye mlango wa lori ni kuchoma pesa.

Ya pili ni kuipasha mashine kabla ya kazi. Iwashe, izungushe dakika thelathini au zaidi ukiwa unakunywa chai, halafu uanze. Hii ni nzuri, na kama hufanyi, anza kesho. Ila inagharimu umeme na muda, na ule umeme ukikatika saa nne, chai yote imekwenda bure.

Ya tatu ni kununua mashine iliyobuniwa ishindane na joto: yenye mafuta yanayozunguka kupoza spindo, na rula za kioo zinazopima meza iko wapi bila kutegemea skrubu. Wapo hata wanaotumia Inva, aloi ya chuma na nikeli ambayo karibu haitanuki. Aliyeigundua mwaka 1896, Charles Édouard Guillaume, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, kwa hiyo mwone uzito wa jambo lenyewe. Dawa hii ni ya mwenye mfuko mzito.

Ya nne ndiyo ninayoitetea leo: acha mashine itanuke, lakini ujue imetanuka kiasi gani, na uamuru kisu kisogee kinyume chake. Kampuni kubwa kama Okuma ya Japani zimekuwa zikiuza mashine zenye uwezo huu kwa miaka mingi. Hakuna uchawi ndani yake. Ni vihisi vya joto, kanuni ya hesabu, na programu.

Na kama unadhani wazo hili ni la viwanda vya matajiri tu, angalia saa ndogo ya DS3231 ambayo wanafunzi wa elektroniki huinunua madukani. Ndani yake mna kihisi cha joto. Kila baada ya sekunde 64 inapima joto lake, inakadiria kiwe chake kimepotoka kiasi gani, inakirekebisha. Kukadiria na kusahihisha. Kitu kile kile, kwenye chipu ya ukubwa wa ukucha.

HESABU YENYEWE

Fikiria mafiga. Ukiwasha moto, mawe hayapati joto mara moja. Hupanda haraka mwanzoni, kisha polepole, hadi yafike mahali yanapopoteza joto sawa na yanavyopokea. Ukizima moto, hubaki na uvuguvugu kwa muda mrefu. Mashine ni mafiga makubwa. Ili kuielewa unahitaji namba mbili tu za kuanzia: itasogea hadi wapi ikizunguka kwa kasi fulani (tuiite lengo), na inachukua muda gani kufika karibu theluthi mbili ya safari (tuiite tau).

Kila dakika programu hufanya hesabu hii:

kosa_jipya = kosa_la_zamani + (lengo - kosa_la_zamani) × dakika / tau

Spindo ikisimama, lengo huwa sifuri na kosa huanza kushuka lenyewe. Basi. Kwa mfano wetu, lengo ni maikroni 24 na tau ni dakika 60, kwa hiyo dakika ya kwanza kosa huongezeka maikroni 0.4. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuatilia kwa kalamu.

Namba hizo mbili zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mashine yako, si kwenye kitabu. Chukua siku moja isiyo na kazi. Funga fimbo ya duara iliyo nyoofu kwenye spindo, simamisha geji ya saa kwenye kishikio cha visu ikigusa fimbo. Geji ya kawaida ya sehemu ya mia ya milimita haitoshi. Tafuta inayosoma maikroni moja. Izungushe mashine, simamisha kila baada ya dakika kumi, soma, andika kwenye daftari. Endelea saa tatu au nne mpaka namba zitulie. Kisha zima na uendelee kusoma inapopoa. Usiruke sehemu ya kupoa! Mashine nyingi hupoa kwa tau tofauti na ya kupata joto, na kwetu ambako stima hukatika, nusu ya tatizo iko hapo.

Kisha ufanye kipimo kingine: mashine ikiwa imezimwa kabisa, acha geji na kipima joto cha hewa usiku na mchana. Utaona chumba peke yake kinafanya nini. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 230-3, kinachoeleza vipimo vya aina hii kwa utaratibu. Lakini daftari la fundi makini ni mwanzo mzuri kuliko kiwango kilichofungiwa kabatini.

UMEME UKIKATIKA, PROGRAMU IKUMBUKE

Hapa nazungumza na wenzangu wa msimbo. Msiandike programu inayodhani umeme upo daima. Kila dakika iandike kwenye kumbukumbu ya kudumu: kosa la sasa na saa ya sasa. Umeme ukirudi, programu isome ilikuwa wapi, iangalie muda uliopita, ipunguze kosa kwa kiasi hicho, ndipo ianze kazi. Kwa hiyo unahitaji saa yenye betri yake, kama ile DS3231. Mdhibiti mdogo kama ESP32 peke yake hajui ni saa ngapi akiamka.

Kwa vihisi, DS18B20 inatosha kuanzia. Ni rahisi, waya mmoja wa data unabeba vihisi vingi, na kila kimoja kina namba yake ya pekee. Ila kinaweza kukosea hadi nusu nyuzi, kwa hiyo kabla ya kuvifunga vitumbukize vyote pamoja kwenye maji yenye barafu iliyopondwa na uone kila kimoja kinatofautiana na sifuri kwa kiasi gani. Na tafadhali usivisahihishe kwa maji yanayochemka ukidhani ni nyuzi 100. Hapa Eldoret maji huchemka karibu nyuzi 93. Kitabu kiliandikwa pwani.

Kuna mitego mingine. DS18B20 ikiamka tu husema nyuzi 85 kabla haijapima chochote, na maktaba inayotumiwa sana kwenye Arduino hurudisha −127 waya ukikatika. Programu inayoamini kila inachoambiwa itasogeza kisu kwa sababu ya waya uliong'olewa na panya! Weka mipaka: sahihisho lisizidi maikroni fulani, lisibadilike ghafla, lisibadilike katikati ya mkato wa mwisho, na kihisi kikileta upuuzi programu iache kusahihisha na iwashe taa nyekundu. Jaribu pia alama ya kujumlisha na kutoa kabla ya kukata chuma cha mteja. Ukikosea alama, hufidii kosa, unalizidisha mara mbili.

Kulifikisha sahihisho kwenye mashine si vigumu kama watu wanavyodhani. Kwenye mashine nyingi zenye mfumo wa Fanuc, amri ya G10 L2 P0 huandika nafasi ya nje ya sifuri, na unaweza kuiita mwanzoni mwa kila kipande. LinuxCNC, programu huria iliyotokana na kazi ya taasisi ya NIST ya Marekani miaka ya 1990, huruhusu kusogeza mihimili kutoka nje kuanzia toleo la 2.8. Na kama mashine yako ni ya mkono kabisa, haina kompyuta, skrini ndogo inayomwambia fundi "punguza maikroni 11" inatosha. Mkono wake ndio mota.

MASHINE INAYOJIFUNZA, AU FUNDI ANAYEJUA?

Najua kuna msomaji anayesubiri niseme akili bandia. Haya, nimesema.

Watafiti walianza kujaribu mitandao ya neva kwenye tatizo hili tangu miaka ya 1990. Ukisoma kazi zao utaona ugonjwa unaojirudia. Wanabandika vihisi vingi, wanakusanya data ya siku chache, kanuni inatoa majibu mazuri ajabu, kisha msimu unabadilika na majibu yanaharibika. Sababu ni rahisi. Vihisi ishirini kwenye mashine moja hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kanuni haijui ni kipi hasa kinachosababisha kosa. Inakariri siku zile badala ya kuielewa mashine. Vihisi vitatu au vinne vilivyowekwa mahali pa maana hushinda ishirini vilivyotapakaa.

Sasa jiulize: kanuni iliyofundishwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi huko Ujerumani itajua nini kuhusu asubuhi ya Julai ya Uasin Gishu, au kuhusu mvua ya saa tisa juu ya mabati, au kuhusu dakika arobaini za giza? Haijawahi kuziona.

Watafiti wa ETH Zurich walipendekeza njia ninayoipenda: mashine ijipime yenyewe mara kwa mara wakati wa kazi, na kanuni ijirekebishe kwa kila kipimo kipya. Wao hutumia kipimio cha elektroniki kilichofungwa ndani ya mashine. Sisi tunacho kitu cha bei nafuu zaidi: fundi mwenye maikromita. Kila kipande anachopima ni data. Leo data hiyo anaisoma, anairekebishia mashine kichwani, halafu inapotea. Mpe kibodi ndogo aingize alichosoma kila baada ya vipande vitano, na programu ilinganishe na ilichotabiri. Baada ya miezi michache utakuwa na kanuni inayoijua mashine hiyo, kwenye sakafu hiyo, chini ya paa hilo.

Sharti moja tu: kipande kipimwe kikiwa kimepoa, au joto lake liandikwe. Shafti ya milimita 50 ikipimwa kwenye nyuzi 35 inaonekana imezidi karibu maikroni 9, yaani zaidi ya nusu ya ruhusa yetu. Utairekebisha mashine isiyo na kosa.

Na sharti la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza: rekodi hiyo isigeuzwe fimbo ya kumchapia fundi. Mwenye karakana akianza kutumia namba za fundi kumkata mshahara, fundi ataanza kuandika namba za kumfurahisha bosi. Siku hiyo kanuni yako imekufa, hata uwe na kompyuta ya ukubwa gani.

"SISI NI JUA KALI, MAIKRONI ZA NINI?"

Hili ni pingamizi la haki. Kama kazi yako ni bawaba za geti, funga ukurasa huu ukachomelee. Huhitaji maikroni. Hata mimi nisingekuuzia programu.

Lakini tuangalie tunaishi wapi. Tumezungukwa na mashamba ya ngano na mahindi yenye trekta na mashine za kuvuna, viwanda vya chai vya Nandi, viwanda vya maziwa, na Rivatex, kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Vyote hivyo vina shafti, gia na beringi. Kipuri kisipopatikana hapa kinaagizwa ng'ambo, na mashine inalala wiki nzima ikisubiri meli. Tofauti kati ya karakana inayochomelea na karakana inayoweza kutengeneza kipuri hicho mara nyingi ni hizo maikroni ishirini tunazozungumzia.

Wengine watasema tununue mashine mpya. Kenya imewahi kwenda njia hiyo. Magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaanzishwa Numerical Machining Complex jijini Nairobi, yenye mashine za kisasa za wakati huo. Miaka ya karibuni mradi wa serikali na kampuni ya AVIC ya China umeleta mashine kwenye taasisi nyingi za ufundi nchini. Sina ugomvi na mashine mpya. Ninachosema ni kwamba kununua mashine si kununua usahihi. Usahihi huja kila asubuhi, na unaondoka kila stima inapokatika. Anayenunua amwulize muuzaji maswali matatu: Je, ina vihisi vya joto, na naweza kuzisoma namba zake? Je, naweza kubadilisha masahihisho kutoka programu yangu bila kununua leseni nyingine? Je, umeme ukikatika inakumbuka ilikuwa na joto gani? Muuzaji akianza kukohoa, mwelewe.

TUFANYE NINI?

Ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwa walio karibu. Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses kina wahandisi wa uzalishaji. The Eldoret National Polytechnic ina mafundi. Mjini kuna vijana wa programu wanaoandika mifumo ya kuuza kuku na kukopesha pesa kwa simu. Chukueni mashine tatu tu, za aina tofauti. Zipimeni mwaka mzima, Februari ya jua hadi Julai ya baridi, na muweke namba wazi kwa kila mtu: joto la hewa, joto la spindo, kosa la geji, saa umeme ulipokatika. Mwaka mmoja wa data ya Eldoret, yenye giza lake na mvua yake, utakuwa na faida kwetu kuliko rundo la makala zilizoandikwa kwenye vyumba vya nyuzi 20.

Na kwa wenye karakana: kabla hujakata mshahara wa mtu wiki hii, nunua kipima joto kimoja ukibandike kwenye kichwa cha mashine. Kila kipande kibovu kikitoka, andika saa na joto. Baada ya wiki mbili lisome daftari. Kama vipande vibovu vimetapakaa bila mpango, huenda kweli fundi wako ana mambo yake. Lakini kama vimerundikana saa tatu asubuhi, baada ya chakula cha mchana na kila baada ya stima kurudi, basi umeshampata mhalifu, na si mtu wa kukatwa mshahara.

Aliye na geji ya maikroni moja na Jumamosi ya bure, tuwasiliane. Daftari ninalo.

Kwaherini kwa sasa.